Nyumba Bila Ardhi

Watu wa Mombasa hawahitaji kuelezwa maana ya nyumba bila ardhi. Katika mitaa yetu wako wazee waliojenga kwa jasho lao, wakasimamisha nguzo, wakakandika udongo, wakaezeka makuti na baadaye mabati, na nyumba ikawa mali yao ya kuuzwa na kurithiwa. Lakini kiwanja kilicho chini yake ni cha mtu mwingine, naye hulipwa ijara yake. Maadamu mwenye kiwanja yu radhi, mambo ni mema. Siku atakapokitaka kiwanja chake, mwenye nyumba hana la kusema ila kubomoa, akachukua boriti zake na milango yake na mabati yake, akatafute pengine. Nimelitaja jambo hili kwa sababu nataka kusimulia habari za watu wengine wanaojenga katika viwanja visivyo vyao. Hao si wazee wa Majengo bali ni vijana wetu, na viwanja vyenyewe havionekani ila katika kioo cha kompyuta.

Yamkini, ewe msomaji, nyumbani mwako yumo kijana ambaye baada ya sala ya isha hukaa mbele ya kompyuta akacheza na watu walio Brazili na Poland ambao hakupata kuwaona nyuso zao. Tangu waya za chini ya bahari zilipofika Mombasa mwaka 2009, jambo hili limekuwa la kawaida. Wako wanaosema kuwa kucheza huko kote ni upuuzi, na wako wanaoruhusu kwa kipimo. Mimi si mufti, wala sikushika kalamu leo kutoa fatwa. Nitasema tu kwamba ndani ya michezo hiyo mna mambo mawili ambayo sisi watu wazima huyachanganya. La kwanza ni kucheza alichokitengeneza mwingine. La pili ni kutengeneza. Baadhi ya kampuni zinazotoa michezo hii huwapa wachezaji karakana, yaani chombo ambacho kwacho mchezaji husimamisha kuta, hupanda miti, huweka watu na kuwatungia maneno ya kusema, akaandika kisa kizima chenye mwanzo na mwisho, kisha akakitia katika mchezo ule ule ili wenziwe wakiingie na kukicheza. Mtu wa namna hii si mchezaji tena. Ni mtunzi, na ni fundi.

Mpwa wangu ni mmoja wao. Alianza akiwa na umri wa miaka 15, katika mchezo wa visiwa na vyombo vya bahari unaotolewa na kampuni moja ya ng'ambo ambayo sitaitaja jina. Alitunga kisa cha sura 5 juu ya nahodha aliyefika bandari ya mbali kwa upepo wa kusi, akachelewa kuuza shehena yake, na kaskazi ikampita. Basi ikambidi kukaa ugenini mwaka mzima pamoja na mabaharia waliokwisha kumchoka. Wazo hilo hakulitoa ng'ambo. Alilitoa kwa babu yake, baba yangu mimi, ambaye ujanani mwake alisafiri kwa jahazi mpaka Maskati, na hata leo huhesabu miezi kwa pepo. Kisa alikiandika kwa Kiingereza, maana ndiyo lugha ya wachezaji wale, lakini majina ya watu na ya tanga na kamba aliyaacha ya kwetu.

Kazi hiyo ilimchukua miezi 7. Nililiona daftari lake, kurasa kwa kurasa za mazungumzo, na kila jibu analoweza kulitoa mchezaji limechorewa mshale kuonyesha litampeleka wapi: akimdanganya karani wa forodha, njia hii, akisema kweli, njia ile, akinyamaza, njia ya tatu. Dada yangu alikuwa akinung'unika juu ya umeme na juu ya macho ya mtoto, na haki alikuwa nayo. Lakini nilimwambia kwamba mimi nimesomesha insha miaka mingi, na sijapata kumwona mwanafunzi anayeandika upya ukurasa mmoja mara 9 bila ya kulazimishwa na mtu. Akanyamaza, hakukubali, ila alinyamaza.

Watu wakakicheza kisa kile. Mmoja wa Poland alimwandikia kwamba hakupata kujua kuwa upepo una kalenda. Akamwuliza sura ya 6 itatoka lini. Kijana alinisomea barua hiyo mara mbili.

Kisha likatoka toleo jipya la mchezo. Matoleo haya hutiwa saa ambayo kwa wenyewe ni asubuhi na kwetu sisi ni baina ya alasiri na magharibi, na jioni ile alipofungua akaona kwamba katika sura ya 3, mlango wa forodha, ambao hapo kwanza ulikuwa ukifunguka mchezaji akimaliza kusema na karani, haufunguki tena. Kampuni ilikuwa imegeuza jambo fulani katika milango. Katika visa vilivyotungwa na kampuni yenyewe, milango ilitengenezwa wiki ile ile. Katika visa vya wachezaji haikutengenezwa. Akaandika kueleza; akajibiwa na mashine kwamba anashukuriwa kwa maoni yake. Baada ya wiki 2 karakana yote ikafungwa, ikasemwa ni kwa muda tu, na muda huo ukawa miezi 3. Ilipofunguliwa, mlango ulikuwa vile vile. Akautoa, akaweka ngazi mahali pake. Toleo lililofuata likaizamisha ngazi chini ya sakafu. Akaitoa ngazi, akaweka dirisha. Kwa njia hii alikaa karibu mwaka na nusu akitia viraka kisa ambacho kilikuwa kimekwisha, na sura ya 6 haikuandikwa, kwani kila alipopata wasaa alikuta kitu kingine kimevunjika.

Siku moja tukiwa barazani aliniambia, "Mjomba, lau wangeifunga moja kwa moja, ningejua."

Maneno hayo ndiyo yaliyonifanya niutafute msingi wa jambo hili, nikasoma na kuuliza, nikaona kwamba msiba wake si wake peke yake.

Uko mchezo uitwao Star Trek Online, uliotolewa mwaka 2010 na kampuni ya Cryptic Studios ya California, na mambo yake ni safari za angani. Mwaka 2011 wachezaji wake walipewa karakana iliyoitwa Foundry, yaani kiwanda cha kusubu. Humo watu walitunga visa vyao kwa miaka 8, wakapeana nyota kwa kila kisa, wakawa na watunzi wao mashuhuri na wahakiki wao wakali. Kampuni hiyo hiyo ilipotoa mchezo mwingine mwaka 2013, uitwao Neverwinter, nao pia uliwekewa Foundry. Lakini kadiri miaka ilivyokwenda, karakana zile zikaachwa nyuma. Mchezo ukipata viwanja vipya na watu wapya, karakana huenda isivipate. Likitoka toleo, karakana hufungwa hata itengenezwe, na baadhi ya visa huharibika ndani yake. Watunzi wakalalamika mwaka baada ya mwaka. Mwishowe, tarehe 11 Aprili 2019, Foundry za michezo yote miwili zikafungwa siku moja. Sababu iliyotolewa ni kwamba kukitunza chombo kile kulihitaji kazi kubwa, na ujuzi wa kukitunza ulikuwa umeondoka pamoja na watu waliokuwa nao.

Sababu hii naomba tuitazame kwa insafu, kwani ni kweli, na ukweli wake ndio unaonishughulisha. Karakana ya namna hii si chombo kilichosimama peke yake. Imefungamana na mchezo wote kama mishipa na mwili. Kila kitu kipya kinachotiwa katika mchezo, uwe ni mlango au mnyama au namna mpya ya kupigana, hapana budi kitiwe tena katika karakana, na kijaribiwe tena, na kihakikishwe kwamba hakivunji visa maelfu vilivyotungwa na watu mbalimbali kwa njia ambazo hakuna aliyezitazamia. Mtunzi wa kampuni akivunjikiwa na mlango humwita mwenziwe aliye meza ya pili. Mchezaji aliye Mombasa au Poland hana wa kumwita. Na mafundi walioijenga karakana huwa ni wachache; wakipata kazi pengine, wanaobaki hukuta maandishi ya programu ambayo hawakuyaandika wao, na mtu huogopa kuugusa uzi asioujua umefungwa wapi.

Na fedha nazo zina sehemu yake. Star Trek Online imekuwa ikichezwa bila ya malipo ya lazima tangu Januari 2012, na pato lake hutokana na vitu vinavyouzwa ndani yake, hasa merikebu za angani. Merikebu mpya ina bei. Kisa cha mchezaji hakina bei. Bwana mkubwa wa kampuni akiletewa hesabu na kuulizwa mafundi 3 watengeneze merikebu au watengeneze karakana, jawabu linajulikana kabla hajafungua kinywa.

Tena wachezaji wenyewe hawakuwa malaika. Katika mchezo wa City of Heroes, uliofunguliwa mwaka 2004, karakana iliyoitwa Mission Architect ilitolewa mwaka 2009, na haikupita muda watu wengi wakaacha kutunga visa wakawa wanajenga vyumba vitupu vilivyojazwa maadui wepesi wa kupigwa, ili wapande daraja haraka bila ya taabu. Kampuni ikalazimika kupunguza malipo na kuadhibu, na katika adhabu hiyo watunzi wa kweli wakaumia pamoja na wale wavivu. Ndiyo desturi ya adhabu ya jumla. Sisi tuliosomesha tunaijua.

Basi nimeyasema yote yanayoweza kusemwa upande wao. Hata hivyo moyo wangu haujatulia. Kufunga karakana ni haki ya mwenye karakana. Kuwaita watu waje kujenga, na kuusifu mchezo wako kwa ajili ya nyumba zao, kisha ukaliacha paa likioza juu ya vichwa vyao miaka na huku bado unawakaribisha wengine waingie, hilo ni jambo jingine kabisa. Mtu akifungiwa mlango hulia siku chache akaenda zake. Mtu akiachwa nje ya mlango ambao kila siku anaambiwa utafunguliwa kesho, hupoteza umri wake pale pale. Na kijana wa miaka 15 hana mizani ya kupimia ahadi za namna hiyo. Hudhani kuwa kasoro iko kwake, kwamba lau angelijua zaidi, ngazi isingezama. Mpwa wangu aliniuliza mara nyingi ni wapi alipokosea. Hakukosea popote.

Wako waliofunga kwa uzuri. Nintendo ya Japani ilitoa mwaka 2015 mchezo wa Super Mario Maker, ambao kazi yake kubwa ni wachezaji kutungiana viwanja vya kurukia. Kampuni ikatangaza mapema kwamba kutia viwanja vipya kutakoma tarehe 31 Machi 2021, na baadaye ikatangaza kuwa huduma za mtandao za chombo hicho zitakoma tarehe 8 Aprili 2024. Wachezaji wakautumia muda ule kwa jambo la ajabu: waliviorodhesha viwanja vyote ambavyo hakuna mtu aliyepata kuvimaliza, wakavishambulia kimoja kimoja, wakavimaliza kabla ya siku yenyewe kufika. Hivyo ndivyo watu wanavyoagana. LittleBigPlanet haikupata bahati hiyo. Mchezo huu uliotungwa na Media Molecule ya Guildford, Uingereza, ulitoka mwaka 2008 na ulilelewa na watoto wa dunia nzima, wakautia viwanja kwa mamilioni. Seva zake za zamani zilifungwa mwaka 2021 baada ya miezi ya kuvamiwa na wahuni wa mtandao, na zile za mwisho zilizimwa Januari 2024 kwa jina la matengenezo, hata Aprili ndipo watu wakaambiwa kuwa hazitarudi.

Sasa turudi kwenye nyumba bila ardhi, kwani hapo ndipo palipo na tofauti ambayo vijana wetu yafaa waijue kabla ya kuanza kujenga. Mzee wa Majengo akiondoshwa huchukua boriti zake. Mchezaji wa Foundry hakuweza kuichukua nyumba yake akaisimamisha pengine. Kila alichokijenga kilikuwa katika seva ya kampuni, kwa chombo cha kampuni, na nje ya hapo hakiwi chochote. Wako waliorekodi picha za visa vyao vikichezwa, mfano wa mtu anayepiga picha nyumba yake kabla ya tingatinga kufika.

Lakini mambo hayakulazimika kuwa hivyo. Miaka 11 kabla ya ule mchezo wa Neverwinter niliokwisha kuutaja, palikuwa na mchezo mwingine wenye jina la kukaribiana, Neverwinter Nights, uliotolewa mwaka 2002 na BioWare ya Kanada. Nao ulikuwa na karakana, iitwayo Aurora. Ila karakana hii ilikuwa ndani ya sahani ile ile aliyoinunua mtu, ikakaa katika kompyuta yake nyumbani, na kisa alichokitunga kikawa ni faili lake mwenyewe: alipenda humpa jirani, alipenda hulificha sandukuni. Mchezaji aliweza hata kufungua seva yake mwenyewe akakaribisha wageni. Kampuni ile ikaendelea na mambo mengine, miaka ikapita, na visa vile vikabaki. Mwaka 2018 mchezo ukatolewa upya na kampuni nyingine ya Kanada, Beamdog, na visa vya zamani vinafunguka ndani yake. Kadhalika Doom ya mwaka 1993: viwanja vyake vilikuwa ni mafaili, wenyewe wakatoa maandishi ya programu hadharani mwaka 1997, na hata sasa, zaidi ya miaka 30, watu bado wanaujengea.

Wala asidhani mtu kwamba kampuni hupata hasara kwa kuwapa watu karakana njema. Katika karakana ya Warcraft III ya mwaka 2002, wachezaji walitunga mchezo ulioitwa DotA, ambao leo watoto wake na wajukuu wake huchezwa katika viwanja vya mpira vilivyojaa watazamaji. Jambo la kusikitisha ni fundisho ambalo kampuni zilijifunza kwalo: mchezo huo ulipotolewa upya mwaka 2020, uliambatana na masharti kwamba kila kitakachotungwa ndani yake ni mali ya kampuni. Yaani ijara imepanda, na boriti pia si zako.

Habari ya City of Heroes ina mwisho mwingine. Mchezo ulifungwa wote tarehe 30 Novemba 2012. Wachezaji hawakukubali, kwa siri wakauhuisha, na siri ilipofichuka mwaka 2019, seva zikafunguliwa waziwazi na watu wa kujitolea. Januari 2024 kampuni yenyewe, NCSoft ya Korea Kusini, ikawapa ruhusa rasmi kundi liitwalo Homecoming kuuendesha. Mission Architect inafanya kazi humo. Nao wale ambao miaka ile waliweka nakala za visa vyao katika kompyuta zao waliweza kuvirudisha.

Nilimsomea mpwa wangu habari hii. Akanisikiliza, kisha akauliza swali moja tu: je, ilichukua muda gani? Nikamwambia baina ya kufungwa na kupewa ruhusa ni miaka 11 na zaidi. Akacheka. Yeye sasa ana miaka 19.

Kisa cha nahodha bado kimo katika mchezo ule, na anayetaka anaweza kuingia sura ya kwanza na ya pili bila ya tatizo, akakwama mbele ya forodha. Kijana ameiandikia kampuni barua, nami nilimsaidia kuisawazisha, akiomba jambo dogo: wampe nakala ya maneno yake tu, kwani mazungumzo ya sura mbili za mwisho aliyaandika moja kwa moja ndani ya karakana bila ya kupitia daftarini. Hakuomba picha wala milango. Barua hiyo ina miezi 4 sasa.

Hakungoja jawabu. Kwa fedha ya likizo amenunua ule mchezo wa Aurora, ambao ni wa bei nafuu na kompyuta yetu kongwe inaumudu, na ameanza kujenga bandari upya. Hamna bahari nzuri humo, asema, na majahazi imembidi kuyafanyiza kwa vipande vya nyumba. Lakini kila usiku kabla ya kulala hunakili kazi yake katika kidude cha kuhifadhia ambacho mama yake hukiweka katika mtungi wa ubani, pahali ambapo wezi na wadudu hawafiki. Babu yake hukaa kando akimsahihisha habari za upepo. Wamegombana juu ya mwezi ambao kaskazi huanza kushika, na mzee ameshinda. Wamefika sura ya 2, na mtu wa Poland ameshaarifiwa.